Kuku wa Kuchi na Majina Yanayopotea: Habari za Kuku wa Kienyeji katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Methali yetu yasema, Jogoo la shamba haliwiki mjini. Wazee waliitumia kumwonya mtu wa shamba asijivune afikapo mahali asipojulikana. Lakini mtu alalaye leo Mbagala, au Bunju, au Kigamboni, huamshwa alfajiri na sauti za majogoo kila upande, wala hawezi kusema kwamba hawawiki. Lililobadilika si kuwika. Ni jogoo mwenyewe. Mwulize mwenye nyumba, "Huyu ni kuku wa namna gani?" naye atakujibu kwa neno moja, "Wa kienyeji." Mwulize na jirani yake, mwenye kuku wa umbo jingine kabisa, naye atajibu vivyo hivyo. Babu zao wasingalijibu hivyo. Wangalikuambia, huyu ni kuchi, yule ni kishingo, na yule aliye chini ya mwembe ni bukini.

Katika maneno yafuatayo nataka kuonyesha kwamba kupotea kwa majina hayo na kupotea kwa kuku wenyewe si mambo mawili, bali ni jambo moja. Kitu kisicho na jina lake hakuna amwambiaye mwenziwe kwamba kimetoweka. Nami nimemchagua kuchi kuwa mfano, kwa kuwa ndiye ajulikanaye sana, na kwa kuwa bado yupo. Basi twazungumza habari za mgonjwa, si za maiti, na mgonjwa aweza kuuguzwa.

1. Majina ya kuku

Lugha yetu ni tajiri katika habari za kuku. Kwanza kuna majina ya umri na ya kazi. Aliyetoka katika yai ni kifaranga. Dume anayekua ambaye bado hajawika sawasawa ni pora. Akikomaa ni jogoo, au jimbi. Jike aliyekomaa ni tembe. Mwenye kutaga ni mtetea, jina litokanalo na sauti yake, maana hutetea atagapo. Na yule awekwaye kwa ajili ya kuzaa ni koo. Maneno kama haya yamehifadhiwa katika kamusi za wamisionari wa kale, kama ile ya Krapf iliyopigwa chapa mwaka 1882 na ile ya Madan ya mwaka 1903. Mwalimu akiwauliza leo watoto wa shule za mjini maana ya pora au koo, atapata wachache wa kumjibu.

Pili kuna majina ya maumbo. Kishingo ni kuku asiye na manyoya shingoni. Kibwenzi ana shungi la manyoya kichwani, kama bwenzi la nywele. Kidimu ana manyoya yaliyosimama na kupindika, hata mgeni humdhania mgonjwa. Bukini hana manyoya ya mkia. Kuchi ni mrefu wa miguu na shingo, nitamweleza zaidi hapo mbele.

Majina haya hayakutolewa kwa mchezo tu. Wataalamu wa mifugo wamethibitisha kwamba kuku mwenye shingo tupu hutoa joto la mwili kwa urahisi, na kwa hiyo hustahimili jua kuliko mwenziwe mwenye manyoya mazito. Na manyoya yaliyopindika ya kidimu yana faida ya namna hiyo. Basi mzee aliyesema "kishingo" alitaja kwa neno moja umbo na tabia pia. Tena jina huweza kubeba historia. Bukini ndilo jina la kale la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska. Kuku huyu akatajwa kwa jina la nchi ya ng'ambo, na jina lake likadumu kinywani mwa watu waliokwisha kusahau kwamba ni jina la nchi.

2. Asili ya kuku wa pwani

Watu husema "kuku wa kienyeji" kana kwamba kuku alizaliwa katika ardhi hii. Sivyo. Kuku wote wa duniani wametokana na kuku wa msituni wa Asia ya kusini mashariki. Mifupa ya kale ichukuliwayo na wataalamu leo kuwa ni ya kuku waliofugwa imechimbuliwa mahali paitwapo Ban Non Wat, katika nchi ya Thailand, na umri wake ni kama miaka 1650 hadi 1250 kabla ya Kristo. Kutoka huko kuku walisafiri polepole, kwa nchi kavu na kwa bahari, wakifuata mtama, mpunga, na biashara ya watu.

Katika pwani yetu, ushahidi ulio imara watoka Unguja Ukuu, mji wa kale ulioko kusini ya kisiwa cha Unguja. Hapo wachimbaji wa mambo ya kale wameona mifupa ya kuku ya karne ya 7 na ya 8, pamoja na mifupa ya panya wa melini na vyombo kutoka ng'ambo. Ni wazi kwamba kuku alishuka pwani pamoja na biashara ya bahari ya Hindi. Nao uchunguzi wa chembe za urithi zirithiwazo kwa mama, uliotangazwa mwaka 2011 kuhusu kuku wa Afrika ya Mashariki, ulionyesha kwamba hawakuja mara moja wala kutoka mahali pamoja. Baadhi ya koo zao zafuatana na kuku wa bara Hindi, na nyingine na kuku wa Asia ya kusini mashariki.

Wazee walisema, Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hawa nao walikuwa wageni, wakafungwa kamba, kisha kamba ikafunguliwa, nao wakawa wenyeji. Ni vema tulikumbuke jambo hili, maana atatokea mtu kutuuliza, "Ikiwa wote walitoka ng'ambo, mwaogopaje kuku wapya wa leo?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu mahali pake.

3. Kuchi na sifa zake

Kuchi hufugwa pwani na visiwani, tena katika mikoa ya bara kama Mwanza na Shinyanga. Hasimami kama kuku wengine, mgongo ukilala. Husimama wima, kifua mbele, kama askari. Miguu yake ni mirefu na minene, shingo ni ndefu, manyoya ni haba na yamebana mwili, upanga wa kichwani ni mdogo uliolala, na mdomo ni mfupi uliopinda kama wa ndege wa mawindo. Mtu awajuaye kuku wa mapigano wa Asia, kama wale wa Malaya na wa Japani, akimwona kuchi mara moja humtambua kuwa ni wa jamii hiyo. Kuhusu jina lake, mtu aweza kulifananisha na majina ya Kochi na Kachchh huko Uhindi, ambako majahazi yalikwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Lakini kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi, na mwanafunzi wa lugha afanye hadhari.

Katika mwaka 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walitangaza habari za koo mbalimbali za kuku wa Tanzania, wakizitaja kwa majina: kuchi, singamagazi wa Tabora, ching'wekwe, wa Mbeya, na wa Morogoro wa umbo la kati. Waliwapima uzito, mayai, na nguvu za mwili za kupigana na maradhi. Jogoo wa kuchi alipata kama kilo 2.7 na mtetea kama kilo 1.8, hali jogoo wa ching'wekwe, aliye mdogo wa umbo, alipata kama kilo 1.6. Mwaka 2005 walitangaza tena uchunguzi wa chembe za urithi za kuku hao. Angalia neno hili: wataalamu hawakuanza kwa kubuni majina mapya. Walikwenda kwa wafugaji, wakasikia majina yao, wakayafuata. Kama majina yangalikuwa yamekwisha kufa, wangalianzia wapi?

Lazima niseme pia jambo ambalo wasomaji wengi wa kurasa hizi hawatalipenda. Kuchi ametunzwa kwa vizazi vingi kwa sababu ya mapigano. Lamu, Mombasa na visiwani, vijana na watu wazima pia wamewapiganisha majogoo, na mwenye jogoo hodari alijulikana mtaa mzima. Vivyo hivyo kidimu, na kuku mweusi, na kuku mweupe, waliwekwa mara nyingi kwa kuwa mganga angewataka. Walimu wa dini walikemea mambo hayo mawili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 katika Tanzania imekataza kumtesa mnyama. Sina nia ya kutetea mapigano. Lakini historia yatuonyesha kwamba kuku hudumu kwa ajili ya sababu awekewayo. Ukiiondoa sababu mbaya bila kuweka njema mahali pake, umemwondoa na kuku.

4. Mji ulivyokua

Hapo zamani Kinondoni na Temeke zilikuwa kando ya mji, zimezungukwa na mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo ya Wazaramo. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha watu kama 356,000 katika Dar es Salaam. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Mji ulisogea nje kwa pande zote, hata wilaya za kale zikagawanywa: katika miaka ya 2015 na 2016 Ubungo ilitengwa na Kinondoni, na Kigamboni ikatengwa na Temeke. Palipokuwa shamba pakawa mtaa, na kuku waliokuwa wakichakura chini ya minazi wakajikuta kati ya kuta za matofali.

Katika miaka ya 1980 mishahara ilipungua thamani kwa haraka, hata karani na mwalimu hawakuweza kulisha watoto wao kwa mshahara peke yake. Ndipo watu wa mjini walipojenga mabanda uani. Walifuga kuku waitwao wa kisasa: wa mayai na wa nyama, waletwao wakiwa vifaranga vya siku moja, wenye kutaka chakula cha kununuliwa, chanjo, na taa ya joto. Ufugaji huo uliwaokoa wengi, wala haifai kuudharau. Kuku wale walijulikana waziwazi kuwa ni wengine. Wengi walikuwa weupe, walifungiwa ndani, na wale wa nyama waliliwa au kuuzwa baada ya majuma machache. Hawakuchanganyika sana na kuku wa uani.

Lakini ulimi wa mji haukumsahau kuku wa kienyeji. Walaji wakasema nyama yake ni ngumu kidogo lakini ina ladha, na mchuzi wake wafaa kwa mgonjwa na kwa mgeni wa heshima. Bei yake ikapanda juu ya bei ya kuku wa kisasa. Wachuuzi wakawaleta kwa matenga, juu ya magari, kutoka Singida, Dodoma, Tabora na Shinyanga, hata soko la kuku la Shekilango likajulikana kwa kazi hiyo. Na katika matenga hayo kuchi huuzwa kwa bei kubwa kuliko wengine, kwa kuwa ni mkubwa.

Mtu angedhani kwamba bei njema itamwokoa kuku huyu. Hapa ndipo penye fumbo la habari yetu. Bei ile ile ambayo ingemhifadhi, yaelekea kumwangamiza. Kwa kuwa watu watoa fedha nyingi kwa ajili ya jina "kienyeji", jina hilo limepanuliwa kama kapu, hata likawabeba wasio wenyeji. Kuanzia mwaka 2014 mradi mkubwa wa utafiti, ulioongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, ulijaribu katika Ethiopia, Nigeria na Tanzania kuku wa namna mpya wenye kutaga na kukua upesi. Katika Tanzania walijaribiwa Sasso, ambaye asili yake ni Ufaransa, na Kuroiler, aliyetengenezwa Uhindi. Kuku hawa wana manyoya ya rangi mbalimbali, wanatembea uani, wanachakura, hata mnunuzi hawezi kuwatambua upesi. Katika mitaa huitwa chotara, lakini sokoni neno hilo husahaulika, na wote huwa "wa kienyeji".

Sasa nalijibu lile swali la juu. Kuku wa kale walikuja wachache wachache, kwa jahazi. Waliofika walichaguliwa na mwewe, na kicheche, na kiangazi, na maradhi, na jicho la mwenye nyumba, kwa muda wa miaka zaidi ya 1200. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 tu kwa mwaka, lakini huyaatamia mwenyewe siku 21, huyaangua, na kuwalinda vifaranga wake. Kuku wapya huweza kutaga zaidi ya mayai 150, lakini kwa kawaida hawaatamii. Wameondolewa tabia hiyo kwa makusudi, maana kuku anayeatamia hatagi. Kwa hiyo mwenye nao lazima arudi kila mara kwa mwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Wageni wa kale walikuja wakakaa, wakazaa. Wageni wa leo huja maelfu kwa maelfu, nao hawakai. Lakini majogoo wao huacha damu yao nyuma.

5. Hesabu ya jogoo mmoja

Msomaji atauliza, "Jogoo mmoja wa kigeni ataweza kufanya nini?" Tufanye hesabu, kama tufanyavyo darasani. Mama mmoja wa Mbagala ana mitetea watano wa kuchi na jogoo mmoja. Siku ya sikukuu jogoo wake anachinjwa, kwa kuwa ndiye mkubwa, na mahali pake ananunuliwa jogoo chotara, mwenye bei nafuu. Vifaranga wa mwaka huo wana nusu tu ya damu ya kuchi. Mitetea wa uzao ule wakipandwa na jogoo mwingine wa namna ile, watoto wao watakuwa na robo. Wa uzao wa tatu watakuwa na sehemu moja katika nane. Na kwa kuwa mtetea wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi sita au saba, uzao watatu hutimia katika muda wa miaka mitatu hivi. Mama hakuuza kuku wake wote, wala hakuwachukia. Alichinja jogoo mmoja tu. Naye akiulizwa atasema kwa moyo safi kwamba angali anafuga kuku wa kienyeji.

Hivyo ndivyo koo ya kuku inavyokufa. Haifi kwa kishindo kama mti uangukao; hufifia kama rangi ya nguo ifuliwayo. Hakuna siku ambayo mtu aweza kuitaja na kusema, siku hii kuchi wa mtaa huu alikwisha. Jambo hili lilipata kufanywa hata kwa makusudi mema ya serikali. Katika Kenya, kuanzia mwaka 1976, mpango wa taifa wa kuendeleza kuku, uliosaidiwa na Uholanzi, uliwapa wakulima majogoo wa kigeni ili wawaondoe wao wa kale. Nia yake ilikuwa kuongeza nyama na mayai, wala hakuna awezaye kuilaumu nia hiyo. Lakini jogoo wa kale aliyeondolewa hakuandikwa popote.

6. Kideri na dawa ya Temeke

Kabla ya chotara, adui mkubwa wa kuku wa kienyeji alikuwa kideri, ambao wengine huuita mdondo. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwanza mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle huko Uingereza, na ndipo Waingereza walipoupa jina la mji huo. Mwaka 1935 ulitajwa katika Kenya. Ukiingia kijijini huweza kuua karibu kuku wote katika siku chache, na mara nyingi huja wakati wa kiangazi. Mtu aliyelala na kuku 20 huamka na 3. Basi hununua wengine wowote wapatikanao ili aanze upya. Kwa hiyo kideri chapoteza koo za kuku kwa njia mbili: chaua wale wa kale, na kufungua mlango kwa wageni.

Dawa yake imetengenezwa katika vitongoji hivi hivi. Temeke kuna maabara ya serikali ya maradhi ya mifugo, ijulikanayo sana hata sehemu ile na kituo chake cha magari huitwa Veterinari. Tangu mwaka 2012 maabara hiyo imekuwa chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Hapo ilifanyizwa chanjo iitwayo I-2, ambayo mbegu yake ilitengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, nao wakaitoa bila malipo kwa nchi zenye haja nayo. Iliyofanyizwa Temeke ikapewa jina la Temevac. Sifa yake ni kwamba haiharibiki upesi kwa joto kama chanjo nyingine, hivyo yaweza kufikishwa mahali pasipo na barafu. Hutiwa tone moja jichoni, na kurudiwa kila baada ya miezi minne.

Tone moja jichoni, mara tatu kwa mwaka: kazi hii ni rahisi, hata mtoto wa shule aweza kumshikia mama yake kuku. Kati ya njia zote za kumhifadhi kuchi, hakuna iliyo nafuu kuliko hii. Maana haifai kitu kuandika majina ya kuku katika daftari, kisha kuwaacha wafe kwa kideri mwezi unaofuata.

7. Mifano ya nchi nyingine

Tusidhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu. Katika Uingereza mapigano ya majogoo yalikatazwa kwa sheria mwaka 1835. Kuku wa mapigano wa nchi ile walikuwa katika hatari ya kutoweka, kwa kuwa sababu yao imekatazwa. Lakini mwaka 1845 yalifanyika maonyesho ya kuku katika bustani ya wanyama ya London, na watu wakaanza kushindana kwa uzuri wa kuku badala ya damu yao. Hivyo sababu mpya ikaingia mahali pa ile ya kale, na kuku wa mapigano wa Kiingereza wapo hata leo. Mwaka 1973 wakaanzisha chama maalumu cha kulinda mifugo adimu ya nchi yao.

Mfano wa Japani unatuhusu zaidi. Wajapani wana kuku wa mapigano aitwaye Shamo, mrefu, aliyesimama wima, mwenye manyoya haba, anayefanana sana na kuchi wetu. Jina lake latokana na Siam, nchi ambayo leo huitwa Thailand, kwa kuwa ndiko alikotoka. Kumbe Wajapani nao walimwita kuku kwa nchi ya ng'ambo, kama sisi tulivyomwita bukini. Lakini mwaka 1941 serikali yao ilimtangaza Shamo kuwa kumbukumbu ya asili ya taifa, astahiliye kulindwa kama mahekalu na miti ya kale. Hawakusema, "Huyu ni mgeni kutoka Siam." Walisema, "Amekaa kwetu, tumemlea, ni wetu." Ndugu yake wa huku kwetu angali akiingia chunguni bila mtu kumwuliza jina.

Mataifa yalikutana Interlaken, nchini Uswisi, mwezi wa Septemba 2007, yakakubaliana mpango wa dunia nzima wa kulinda koo za mifugo. Jambo la kwanza lililowekwa katika mpango ule ni kuwatambua na kuwahesabu wanyama waliopo. Yaani dunia nzima ilikubali lile walilolijua wazee wetu: huwezi kukilinda kitu usichokijua kwa jina.

8. Kazi iliyo mbele yetu

Mwalimu na padre hawana mashine za kutotolea vifaranga, wala maabara. Lakini wana daftari, wana wanafunzi, na wana masikio ya watu. Basi nitataja mambo manne yawezekanayo.

La kwanza ni kuandika majina. Wanafunzi na watumwe kwa babu na bibi zao, waulize majina ya kuku, maumbo yake, na kwa nini aliwekwa. Waandike kwa maneno yale yale ya wazee, bila kuyasahihisha. Hata habari za mapigano na za uganga ziandikwe, maana kuandika jambo si kulikubali.

La pili ni kumchagua jogoo. Desturi ya kumchinja aliye mkubwa siku ya mgeni huondoa mbegu njema na kuiacha dhaifu. Na awekwe jogoo bora wa kuchi kwa kila nyumba kadha wa kadha, nao majirani waazimane na kubadilishana, ili ndugu wasipandane siku zote. Mgeni ataheshimiwa vilevile kwa jogoo wa pili, na firigisi yake haina tofauti ya ladha.

La tatu ni chanjo ya kideri, kama nilivyokwisha kusema.

La nne ni kulitumia neno kwa haki. Chotara na aitwe chotara. Ni kuku mwema, mwenye faida yake, wala hana haja ya kuvaa jina la mwingine. Muuzaji amwitaye wa kienyeji amdanganya mnunuzi kwa siku moja, lakini ampokonya mfugaji wa kuchi malipo ya kazi yake ya miaka mingi. Tena maonyesho ya shule na ya wakulima yaweza kutoa tuzo kwa kuchi aliye bora, kishingo aliye bora, na bukini aliye bora, kila mmoja kwa jina lake. Ndipo kijana apendaye kushindana atakapopata sababu nyingine ya kumtunza jogoo wake, isiyo na damu wala kamari.

Wazee husema, Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Ni kweli, kuchakura amezaliwa nako. Lakini jina lake hakuzaliwa nalo. Jina ni kazi ya mwanadamu, nalo lataka kufunzwa, mzee kwa kijana, kila kizazi. Siku mtoto wa Temeke atakaponyosha kidole na kusema, "Yule ni kuchi, na yule si kuchi," kuku yule atakuwa amepata mlinzi.